Roone Arledge wa ABC: kilimpandisha nini, kipaji, njaa ya kituo au fedha za haki za kurusha michezo?

#1 Mvuta_Nyaya

Wakuu, habari za jioni.

Nina mwaka wa tatu kwenye gari la matangazo ya michezo. Navuta nyaya, nashika maikrofoni pembeni ya uwanja, mvua ikianza nafunika kamera kabla sijajifunika mwenyewe. Ndoto yangu ni kiti cha mtayarishaji. Kwa hiyo nimekuwa nikisoma maisha ya waliokikalia kabla yetu, na kila nikifungua ukurasa narudi kwa mtu yuleyule: Roone Arledge, mtayarishaji wa michezo wa ABC, kituo cha runinga cha Marekani.

Kwa asiyemjua: alizaliwa New York mwaka 1931, akasoma chuo kikuu cha Columbia, akaanzia kituo cha runinga cha DuMont ambacho baadaye kilikufa, akapita jeshini, kisha kituo cha NBC, ambako alitayarisha kipindi cha Shari Lewis na wanasesere wake wa mkononi. Mwaka 1960 akaingia ABC. Mwaka 1968 akawa rais wa ABC Sports. Mwaka 1977 akakabidhiwa pia idara ya habari, ABC News, huku michezo ikibaki mikononi mwake. Olimpiki 10 zimepita chini yake. Mwaka 1994 jarida la Sports Illustrated lilipopanga watu 40 waliogusa michezo zaidi katika miaka 40, yeye alikuwa wa tatu, nyuma ya Muhammad Ali na Michael Jordan. Mtu ambaye hakupigana wala hakucheza!

Sasa, kilimpandisha nini? Mimi nasema ni waraka ule wa 1960. Mgeni kabisa kazini, anawaandikia wakubwa kwamba runinga imekuwa ikiuleta mchezo kwa mtazamaji, sasa wao wampeleke mtazamaji mchezoni. Sentensi moja, na kazi yote imo humo.

#2 Daftari_la_Zamani

Uzi mzuri, mkuu. Niongezee nyama kwenye huo waraka, maana watu huishia kwenye hiyo sentensi na kuacha mambo yenyewe.

Alitaka kamera zipande magari ya jeep, kreni na hata helikopta. Alitaka maikrofoni zinase kiatu kikigusa mpira. Alitaka tuone chuo kilivyo, mashabiki walivyovaa, kocha anavyohangaika kwenye benchi. Na akasema wazi kwamba lazima wavutwe wanawake na wote wasio mashabiki wa kufa. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa geni kuliko yote, kwa sababu wakati ule mchezo kwenye runinga ulikuwa kamera tatu juu jukwaani na mtangazaji anayehesabu.

Mechi ya kwanza kulitekeleza ilikuwa Alabama na Georgia, Birmingham, Septemba 17, 1960. Futiboli ya Kimarekani ya vyuo.

#3 Mzee_wa_Antena

Vijana, waraka ni karatasi. Nimefanya kazi kwenye vyumba vya matangazo tangu enzi za kanda pana, na nimeona nyaraka nzuri zikifungiwa karanga. Ulizeni kwa nini huu wa kwake ulisomwa.

Ulisomwa kwa sababu ABC ilikuwa na njaa. Vituo vikubwa Marekani vilikuwa vitatu, na ABC ilikuwa ya tatu kwa kila kitu: vipindi, vituo vya mikoani, fedha. NBC na CBS walikuwa na cha kupoteza. Wa tatu hana. Ndiyo maana kijana wa miaka 29 aliruhusiwa kufanya majaribio na mechi nzima.

Pia tumpe haki yake Edgar Scherick. Yeye ndiye aliyekuwa na kampuni ya Sports Programs iliyonunuliwa na ABC, yeye ndiye aliyemwajiri Arledge, na wazo la Wide World of Sports, kipindi cha ABC cha michezo mbalimbali, lilianza kwake. Kipindi kilianza Aprili 29, 1961 kwa mashindano mawili ya riadha, Drake na Penn. Julai mwaka huohuo wako Moscow kurusha riadha ya Marekani na Usovieti. Kwa nini riadha, kuruka theluji, kukata magogo? Kwa sababu haki zake zilikuwa bei ya chini. Michezo mikubwa walikuwa nayo wengine.

#4 Kocha_wa_Kochi

Mzee shikamoo, lakini kipaji hakikataliwi. Huyu ndiye aliyevumbua marudio ya papo hapo! Kila goli tunalorudishiwa leo ni mkono wake.

#5 BiMarudio

Kocha, hapo sikuachii, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha.

Marudio ya papo hapo kwa kanda ni Tony Verna, wa CBS, si wa ABC. Siku ni Desemba 7, 1963, mechi ya futiboli ya Jeshi la Nchi Kavu na Jeshi la Majini, Philadelphia. Alibeba hadi uwanjani mashine ya kurekodi yenye uzito wa zaidi ya nusu tani, na mchana kutwa ikamgomea. Ilipokubali ni mara moja tu, Rollie Stichweh alipofunga. Mtangazaji Lindsey Nelson ikabidi awatulize watu kwamba hawaoni goli jipya, ni lilelile. Hebu fikirini: mtazamaji hakuwa na namna ya kujua kwamba wakati umerudi nyuma. Na kabla yao Wakanada walishajaribu mwaka 1955 kwa filamu iliyosafishwa haraka, kwenye hoki ya barafu.

Cha Arledge ni mwendo wa polepole. Alimsukuma mhandisi wa ABC, Bob Trachinger, atafute njia ya kupunguza kasi ya picha ya runinga, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaanza kuutumia kwenye futiboli. Ni vitu viwili tofauti. Verna alitaka tuone tena. Arledge alitaka tuone tusichokiona mara ya kwanza.

Niwape yaliyonikuta. Fainali moja, penalti imekoswa, mpira umekwenda juu. Kamera nne zimeushika mpira. Mtayarishaji ananiuliza masikioni, "Una nini?" Nikamwambia, "Nina uso." Nilikuwa na mpigaji mwenyewe, ameganda, hata hajainamisha kichwa. Tuliurusha uso sekunde tisa, polepole, mtangazaji kanyamaza. Mpira uliopaa haukurudiwa hadi dakika mbili baadaye, na hakuna aliyelalamika. Hizo sekunde tisa mtu wa kwanza kuzipigania alikuwa Arledge.

#6 Kocha_wa_Kochi

Nimesahihishwa, dada, asante. Hiyo ya "nina uso" nimeisoma mara tatu.

#7 Mzee_wa_Antena

Kocha leo umeonyeshwa marudio kwa mwendo wa polepole kabisa. Karibu.

#8 Hesabu_Kwanza

Nyote mnazunguka. Fuateni fedha.

Haki za Olimpiki kwa Marekani: Innsbruck 1964, ABC ililipa chini kidogo ya dola 600,000. Munich 1972, milioni 7.5. Montreal 1976, milioni 25. Los Angeles 1984, milioni 225. Michezo ya baridi ya Sarajevo 1984 ilikuwa milioni 91.5, na iliyofuata, Calgary 1988, ikafika milioni 309.

Mnaona mtu mwenye jicho la kamera. Mimi naona mtu aliyejua kwamba ukishika haki, mwenzako hana cha kuonyesha hata akiwa na kamera mia. Alikuwa na ujasiri wa kununua, na alikuwa na kampuni iliyomwachia kalamu. Basi. Siku kalamu ilipochukuliwa, urais wake wa michezo ukaisha. Kampuni ya Capital Cities waliinunua ABC, mauzo yakakamilika Januari 1986, na mwaka huohuo michezo ikapewa Dennis Swanson. Calgary yenyewe ilikuja kuwatia hasara ya takriban milioni 65.

#9 Lenzi70

Hesabu, umejipinga mwenyewe. Kama ni fedha, milioni 309 ingemfanya mfalme, na hiyo ndiyo iliyomzika. Milioni 7.5 ndiyo iliyomweka kwenye historia.

Munich, Septemba 5, 1972. Wapalestina wenye silaha wanaingia kijiji cha wanamichezo na kuwateka Waisraeli. Watu wa michezo, waliokwenda kuonyesha kuogelea na mbio, ghafla wanarusha utekaji dunia nzima ikitazama. Hakukuwa na mpango wa siku kama hiyo. Arledge aliketi chumba cha kuongozea, akaamua wabaki hewani, kamera ikaelekezwa kwenye jengo na ikaachwa hapo. Waisraeli 11 walikufa. Kuna haki gani ya kurusha inayonunua uamuzi ule?

Jim McKay, mtangazaji mkuu wa Olimpiki ile, ndiye aliyebeba siku nzima.

#10 Sauti_Nyuma

Lenzi nakuunga mkono, ila sahihisho moja, kwa sababu ndilo lenye uzito: McKay hakuwa mtangazaji mkuu. Mkuu alikuwa Chris Schenkel. McKay siku ile alikuwa mapumzikoni, alikuwa anajiandaa kuogelea, na alifanya kazi ile ndefu akiwa na nguo ya kuogelea ndani ya suruali. Howard Cosell, mtangazaji mwingine wa ABC, naye alikuwepo, jina kubwa kuliko wote, na aliitaka ile nafasi.

Arledge akamchagua McKay. McKay aliwahi kuwa mwandishi wa habari wa gazeti, alikuwa mtulivu, na hakuwa mtu wa kujiweka mbele ya habari. Kule karibu na jengo akawekwa Peter Jennings, mtu wa habari aliyeijua Mashariki ya Kati. Usiku ulipofika mwisho, McKay alisema maneno machache tu, kwamba wote wameondoka, yaani mateka wote wamekufa. Mtu mwingine angeongeza hotuba.

Kwa hiyo mimi nina jibu la tatu, au la nne, nimepoteza hesabu: alijua nani akae wapi. Nimekuwa sauti ya nyuma ya watangazaji miaka 14, mimi ndiye ninayewahesabia sekunde masikioni. Watangazaji wazuri ni wengi. Mtayarishaji anayejua yupi azungumze leo na yupi anyamaze leo, nimekutana naye mmoja.

#11 Binti_Riadha

Naomba niingie upande ambao hamjaugusa. Mnamchora mtu msafi sana.

Mwaka 1977 ABC ilirusha mashindano ya ngumi pamoja na promota Don King, na ikabainika rekodi za baadhi ya mabondia zilichezewa ili waonekane wana hadhi. Yakasimamishwa katikati. Kituo kilikuwa kimeshayauza kwa watazamaji kama mashindano halali.

Halafu hilo la "kuwavuta wanawake" alilolileta Daftari. Septemba 20, 1973, mechi ya tenisi ya mwanamke na mwanamume, Billie Jean King na Bobby Riggs, Astrodome, Houston, watu zaidi ya 30,000 uwanjani, ABC wanarusha. Bingwa Billie Jean anaingia, na Cosell anawaambia watazamaji kwamba akifungua nywele na kuvua miwani angeweza kufaa Hollywood! Billie Jean akashinda seti tatu mfululizo. Kumvuta mwanamke aketi atazame ni jambo moja. Kumheshimu aliye uwanjani ni jambo la pili, na mtayarishaji anawajibika kwa yote mawili.

Na ule muujiza wa Olimpiki ya baridi ya Lake Placid 1980, Marekani 4 Usovieti 3 kwenye hoki ya barafu? Wamarekani wengi wanasimulia kwamba waliuona mubashara. Ulichezwa saa 11 jioni, ABC ikaurusha saa 2 usiku ukiwa umeshaisha.

#12 Mzee_wa_Antena

Binti, la ngumi nakubali na la Cosell nakubali. La Lake Placid, kumbuka kulikuwa na ombi mechi isogezwe hadi saa 2 usiku na likakataliwa. Saa 11 jioni siku ya Ijumaa, nusu ya Marekani iko barabarani inatoka kazini. Yeye alikuwa na mchezo mmoja na saa moja nzuri, na havikukutana.

Ila swali lako la msingi linabaki: je, ni halali kumfanya mtu ahisi anaona sasa hivi kitu kilichokwisha? Wide World ilijengwa juu ya hilo. Sehemu kubwa ilikuwa kanda, iliyokatwa, iliyopangwa upya ili hadithi ikae sawa. Sisi wa zamani tulijifunza hapo, na hatukuuliza sana.

#13 BiMarudio

Mzee, kukata si dhambi. Kuficha kwamba umekata ndiyo shida. Nelson aliwaambia watu mwaka 1963 kwamba wanaona kitu kilekile tena. Dakika ile ya mwanzo kabisa ya marudio, na tayari mtu alikumbuka kuwa mkweli. Nafikiri hapo CBS waliwazidi.

#14 Kocha_wa_Kochi

Hakuna aliyetaja Monday Night Football, mechi za ligi ya futiboli za Jumatatu usiku kwenye ABC? Septemba 21, 1970, Jets na Browns, Cleveland, Browns 31 kwa 21. Watangazaji watatu badala ya wawili: Keith Jackson, Cosell na Don Meredith. Hii nimehakikisha kabla ya kuandika, dada Marudio.

#15 Hesabu_Kwanza

Umeniletea ushahidi, Kocha. Pete Rozelle, mkuu wa ligi ya futiboli, alikwenda kwanza kwa CBS na NBC. Hawakutaka kuvuruga vipindi vyao vya Jumatatu usiku. Akaja ABC, na nyuma yake kulikuwa na tishio kwamba angeiuza kwa kampuni ya tajiri Howard Hughes, na vituo vingi vya mikoani vingeihama ABC usiku ule. Kwa hiyo ABC ilinunua kwa hofu. Arledge aliikuta mezani.

#16 Lenzi70

Aliikuta mezani kama mchezo wa Jumatatu. Aliigeuza kuwa usiku wa Jumatatu. Kamera nyingi kuliko mechi ya kawaida ya Jumapili, picha za karibu, ugomvi wa Cosell na Meredith uliomfanya hata asiyejua sheria za futiboli abaki hadi mwisho. Mwaka wa pili akamleta Frank Gifford, Jackson akarudi kwenye vyuo. Mechi iliyolala, timu moja imeshashinda, watu bado wanatazama. Hilo halinunuliwi na haki.

Muongozaji wake alikuwa Chet Forte, mchezaji nyota wa kikapu wa Columbia.

#17 Sauti_Nyuma

Columbia tena? Hapo ndipo wengine tunaposhtuka. Nimewahi kuzungukwa kwenye nafasi ya mtayarishaji msaidizi na kijana aliyekuwa hajawahi kuvaa kipaza sauti cha masikioni, kisa alijuana na mtu. Kwa hiyo nauliza kwa dhati: ni kujuana kiasi gani kulikokuwa kwenye safari hii?

#18 Daftari_la_Zamani

Pole kwa hilo, Sauti. Kujuana kulikuwepo, na pia kulikuwa na kulea. Mfano Dick Ebersol: mwaka 1967 aliacha masomo Yale kwa muda ili awe mtafiti wa Olimpiki wa ABC. Kazi yake kutafuta habari za wanamichezo: nani amefiwa, nani anafanya kazi kiwandani usiku na kufanya mazoezi alfajiri. Habari hizo ndizo zilizokuwa filamu fupi kabla ya mbio. Mwaka 1989 Ebersol akawa rais wa NBC Sports, akawa anamiliki Olimpiki kama mwalimu wake. Don Ohlmeyer vilevile alipita mikononi mwa Arledge, akaenda NBC, na Desemba 20, 1980 akarusha mechi nzima ya Jets na Dolphins bila mtangazaji hata mmoja.

Tazama hapo: aliyefundishwa na mtu wa sauti tatu anajaribu sauti sifuri. Mwanafunzi wa aina hiyo hapatikani kwa kujuana peke yake.

Lakini nisimpambe. Alijulikana sana kwa kutojibu simu, hata za wakubwa, na watu walisubiri uamuzi wake siku nyingi.

#19 Binti_Riadha

Na habari je? Mleta uzi alitaja ABC News, tukairuka.

#20 Mzee_wa_Antena

Alipoteuliwa 1977 waandishi wengi walichukia. Walisema mtu wa michezo atazifanya habari kuwa sarakasi. Mwaka 1978 akaleta World News Tonight yenye wasomaji watatu, Frank Reynolds, Peter Jennings na Max Robinson, na Robinson akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kusoma habari kuu za kituo cha kitaifa. Watatu tena, kama Jumatatu usiku. Novemba 1979 Wamarekani wakashikwa mateka Tehran, akafungua taarifa ya kila usiku, na Machi 1980 ikawa Nightline ya Ted Koppel. Alibaki kwenye habari hadi 1998. Alifariki Desemba 5, 2002, akiwa na miaka 71.

Kwa maoni yangu Nightline ilizaliwa Munich. Aliona siku ile kwamba watu hukaa na habari moja saa nyingi ukiwapa mtu mtulivu wa kukaa naye.

#21 Hesabu_Kwanza

Au ilizaliwa kwa sababu ABC haikuwa na kitu cha maana cha kumkabili Johnny Carson, mchekeshaji mwenye kipindi cha usiku cha NBC, saa ile. Njaa ileile ya #3.

#22 Lenzi70

Hesabu wewe hata mvua ikinyesha utauliza nani kalipia.

#23 Hesabu_Kwanza

Kama inaonyeshwa mubashara, ndiyo, nitauliza. Kuna aliyelipia.

#24 Mvuta_Nyaya

Wakuu, nimesoma kila posti, ninyi ni hazina. Nilikuja na jibu moja, sasa ninayo matano na sijui la kushika.

Kuna kinachonigusa zaidi, nalo hamkulitaja moja kwa moja. Alianza na wanasesere. Kipindi cha wanasesere kamera iko karibu sana, kwa sababu kitambaa hakina uhai hadi uone macho yake na namna kinavyogeuka kumsikiliza mwenzake. Sina uthibitisho kwamba alilibeba hilo hadi uwanjani. Lakini posti #5, ile ya uso, ndipo iliponipeleka.

Na habari yangu: Jumamosi hii nimepewa kamera kwa mara ya kwanza. Si ya uwanjani. Ni ya jukwaa na mabenchi. Nina wasiwasi, sitaki nionekane nimepewa kamera ya mabaki.

#25 BiMarudio

Mabaki? Mdogo wangu, hiyo ndiyo ninayoisubiri mimi kwenye mashine. Mpira una kamera zake, usiufuate hata ukipita mbele yako. Kabla mechi haijaanza tafuta watu wawili: kipa wa akiba, na mtu mmoja jukwaani anayeonekana ana ndugu uwanjani. Washike hadi mwisho. Goli likiingia usigeuke kulitazama.

#26 Sauti_Nyuma

Na ukisikia "una nini?" masikioni, jibu upesi. Tunakuwa na sekunde tatu.